Nafasi za maegesho hazitoshi watumishi wa jiji: tugawe vipi, na posho ya usafiri ikaeje?

Afisa_Utumishi
Habari wakuu. Naandaa mwongozo wa usafiri na maegesho kwa watumishi wa makao makuu ya jiji. Watumishi ni 400, nafasi za magari 160. Kwa sasa zinagawiwa bure kwa cheo. Anayekuja kwa basi, baiskeli au miguu hapati chochote. Wapo pia wa zamu za usiku na wakaguzi wanaokwenda saiti. Naomba utaratibu unaotekelezeka, hadi kwenye mishahara.

Mpanga_Miji
Mkuu, kwanza ondoa neno "bure". Nafasi moja ni kama mita 2.5 kwa 5, lakini ukijumlisha njia ya kupita na kugeuzia, gari moja linakula mita za mraba 25 hadi 30. Nafasi zako 160 ni mita za mraba 4,000 kwa uchache, na faida yote inakwenda kwa mwenye gari.

Mpe kila mtumishi posho sawa ya usafiri, kisha toza maegesho kiasi hichohicho. Sema posho ni 10 kwa siku na maegesho ni 10. Anayekuja na gari kila siku haongezi wala hapunguzi. Anayeliacha nyumbani siku 2 kwa wiki anabaki na 20. Nafasi zote 160 zikijaa na kulipiwa, wanaobaki na posho mkononi kwa siku ni 240, kwa hiyo chukua fungu lako la siku ugawe kwa 240, upate kiwango unachokimudu. Usikitaje kabla ya kupiga hesabu hiyo.

Na tafadhali, toza kwa siku, usiuze kibali cha mwezi. Aliyelipia mwezi mzima ataendesha kila siku ili hela yake isipotee. Hapo ndipo miongozo mingi inapofia.

Jambo hili limepimwa. California ilipitisha mwaka 1992 sheria ya kumpa mfanyakazi chaguo la fedha badala ya nafasi ya gari. Mtafiti Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alichunguza sehemu 8 za kazi zilizoitekeleza: waliokuwa wakiendesha peke yao walishuka kutoka asilimia 76 hadi 63.

Walemavu wawe na nafasi karibu na lango, nje ya foleni. Anayeingia kabla ya basi la kwanza au kutoka baada ya la mwisho asitozwe. Wakaguzi wape magari ya ofisi ya kupanga kwa saa. Vinginevyo kila mmoja ataleta gari lake kutwa nzima kwa ajili ya saa 2 za saiti.

Mishahara_Kodi
Naongezea upande wa kodi. Soma sheria yenu kabla ya kutangaza, kwa sababu nafasi na fedha mara nyingi hazitozwi sawa. Marekani, kwa mfano, mwaka 2025 maegesho na nauli kila kimoja kilisamehewa kodi hadi dola 325 kwa mwezi, lakini fedha taslimu mkononi hukatwa kodi kama mshahara. Mtumishi aliyeahidiwa 100 akipokea pungufu ataona amedanganywa. Andikeni kwenye fomu kiasi kabla na baada ya makato.

Kama posho ya wote haiwezekani, tazama Ufaransa: tangu Septemba 1, 2023 mtumishi wa umma hurudishiwa asilimia 75 ya tiketi yake ya muda (ya wiki, mwezi au mwaka) ya usafiri wa umma, hadi kikomo kilichowekwa. Wa baiskeli au wa lifti (kupanda gari moja na wenzake) hupata euro 100, 200 au 300 kwa mwaka, akifikisha siku 30, 60 au 100.

Kuacha nafasi kabisa kuanze tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Ukiruhusu katikati ya mwezi, makato na posho vitagongana.

Msimamizi_Lango
Lifti za karatasi ndizo zitakazowasumbua: watu watatu wanajiandikisha gari moja, kisha kila mmoja anakuja na lake. Weka namba za magari yote matatu kwenye kibali kimoja, na lango likubali moja tu kwa wakati. Nafasi za wakubwa zifunguliwe kwa wengine ikifika saa 3 asubuhi bila mwenyewe. Wekeni pia teksi ya dharura ya kumrudisha nyumbani asiyekuja na gari, mara 4 kwa mwaka. Wanaoitumia huwa wachache, lakini mzazi mwenye mtoto shuleni hataacha gari bila uhakika huo.

Afisa_Utumishi
Nashukuru sana. Na anayefanyia kazi nyumbani siku 2 kwa wiki?

Mpanga_Miji
Lipa kwa siku alizofika tu, kwa rejista ya mahudhurio. Ukilipa kwa mwezi, siku hizo mbili zitakula fungu la wanaopanda basi.