Je, namba ya sekta kwenye SSD ndiyo mahali halisi data inapokaa?

Mtunza_Mifumo aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninasimamia kompyuta za ofisi ambayo seva yake ina SSD (diski inayohifadhi data kwenye chipu) moja ya terabaiti 1, iliyogawanywa sehemu mbili: ya kwanza ina mfumo endeshi na haibadiliki sana, na ya pili ina hifadhidata inayoandikwa mchana kutwa. Nina maswali mawili. Je, chipu zinazobeba sehemu ya pili zitachakaa mapema ilhali za sehemu ya kwanza zingali mpya? Na je, faili la zamani la mishahara nikiliandika sifuri tupu kabla ya kulifuta, data yake inatoweka kweli? Kwenye diski za sumaku nilizozizoea, sekta ilikaa mahali pamoja isipokuwa pale ilipoharibika.

Kidhibiti alijibu:

Mgawanyo ulioufanya upo kwenye hesabu ya anwani tu; kwenye chipu hauna mpaka wowote. Mfumo endeshi huiona SSD kama mfululizo wa bloku za kimantiki, yaani zile sekta ulizozizoea, zenye namba kuanzia sifuri, kila moja ikiwa na baiti 512 au 4,096, lakini kidhibiti kilichomo ndani ya SSD ndicho kinachoamua data ya kila namba ikae wapi kwenye flashi, yaani chipu za kuhifadhia, na uamuzi huo hufanywa upya kila data hiyo inapoandikwa.

Sababu ni umbile la flashi yenyewe, ya aina iitwayo NAND. Husomwa na kuandikwa kwa kurasa, ambazo kwa kawaida ni za kilobaiti 4 hadi 16, ila hufutwa kwa bloku halisi nzima (tofauti na zile za kimantiki) yenye mamia ya kurasa, na ukurasa ukishaandikwa hauwezi kuandikwa tena mpaka bloku yake yote ifutwe. Tuseme namba 1000 ya kimantiki iko kwenye ukurasa wa 12 wa bloku halisi ya 57. Hifadhidata yako ikiibadilisha, kidhibiti hakiugusi ukurasa ule. Huandika data mpya kwenye ukurasa mtupu, mathalani ukurasa wa 0 wa bloku ya 203, kisha husahihisha jedwali la ramani ili namba 1000 ielekee huko, na ukurasa wa zamani huhesabiwa kuwa batili. Ni kama masijala, ambako jalada hubaki na namba yake hata likihamishiwa kabati jingine, na anayejua kabati ni karani peke yake. Jedwali lenyewe si dogo: kwa terabaiti 1, ingizo la baiti 4 kwa kila kilobaiti 4 hufikisha takriban gigabaiti 1, ndiyo maana SSD nyingi hubeba chipu ya DRAM (kumbukumbu ya muda) ya ukubwa huo.

Kwa hiyo uchakavu hugawanywa kwenye chipu zote. Kidhibiti huweka hesabu ya bloku ipi imefutwa mara ngapi, hupendelea zilizofutwa mara chache, na SSD nyingi huhamisha hata data tulivu ya mfumo endeshi ili bloku zilizoikalia nazo zibebe mzigo. Usawazishaji huu ni wa lazima, kwa kuwa seli za TLC, zenye biti 3 kila moja, kwa kawaida huvumilia kufutwa na kuandikwa mara 1,000 hadi 3,000 hivi.

Fundi_Seva alijibu:

Naafikiana na ndugu Kidhibiti, ila naona nafasi tupu ni jambo zito kuliko mgawanyo. Chukua bloku yenye kurasa 256. Kama 200 ni batili, kidhibiti hunakili 56 zilizo hai kwenda kwingine, hufuta bloku, na kupata nafasi ya kurasa 200 mpya. Yaani kurasa 256 zimeandikwa kwa ajili ya 200 zako, sawa na mara 1.28. Diski ikikaribia kujaa, huenda batili zikawa 56 tu, na hapo hunakili 200 ili kupata nafasi ya 56, jambo linaloongeza uandishi zaidi ya mara 4.5. Seva huwa nzito na flashi huliwa bure.

Hakikisha pia TRIM, amri ya kuiarifu SSD data isiyohitajika tena, inafanya kazi, kwa sababu bila amri hiyo SSD haijui kwamba faili limefutwa, na itaendelea kunakili kurasa zake kana kwamba unazihitaji. Windows inaitumia tangu toleo la 7, na Linux tangu kernel 2.6.33. Kwenye Linux, `lsblk --discard` ikionyesha sifuri kwenye safu ya DISC-GRAN, amri haifiki kwenye diski. Usifanye defragi (kupanga upya vipande vya faili vifuatane): faili lililopangwa mfululizo kwa namba za kimantiki si lazima liwe mfululizo kwenye chipu.

Mtunza_Mifumo aliandika:

Nashukuru sana, wakuu. Limebaki lile faili la mishahara.

Kidhibiti alijibu:

Sifuri zako zimekwenda kwenye kurasa nyingine. Kurasa zenye mishahara zimekuwa batili, na hazifikiki tena kwa anwani ya kawaida, lakini data yake hukaa kwenye chipu mpaka bloku ifutwe, na mtu mwenye vifaa vya kung'oa na kusoma chipu anaweza kuikuta. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu mbinu za kuandika juu ya faili mojamoja kwenye SSD wakakuta hazitegemeki.

Kinga ya kweli ni kusimba diski nzima kwa njia fiche, kwa LUKS ya Linux au BitLocker ya Windows, kabla ya data yoyote nyeti kuingia. Kwa kuwa diski yako imekwisha kutumika wazi, kuisimba leo hakugusi kurasa batili zilizobaki nyuma. Weka nakala ya data yote mahali pengine na uijaribu kuirejesha, tuma amri ya kusafisha SSD nzima (`nvme sanitize` kwa SSD zinazounganishwa kwa NVMe, au Secure Erase kwa zile za SATA), washa usimbaji, ndipo urudishe data.