MJADALA: Wanaozalisha mbwa wa kuuza wabanwe na sheria au tuwaache?

Wakuu, hili limenigusa mfukoni na moyoni.

Mwezi uliopita nilinunua mtoto wa Jamani shepadi kwa jamaa mmoja huku Dar. Niliambiwa ana wiki nane. Daktari wa mifugo alipomtazama meno akasema hata sita hajafika. Siku ya tatu akaanza kuhara damu. Pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Siku ya tano nikamzika nyuma ya nyumba. Niliporudi kwa muuzaji ndipo nikamwona mama yake: kibanda cha mabati, mbavu zinahesabika, chuchu zimening'inia karibu kugusa chini, na dume la kupandia limefungwa pembeni likisubiri aingie joto tena, yaani awe tayari kupandwa.

Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka. Ukimpandisha kila mara, mwili utarudi saa ngapi? England, kwa kanuni za 2018, mwenye leseni ya kuzalisha mbwa haruhusiwi kumpandisha jike asiyetimiza mwaka, wala kumzalisha zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, wala kupita mizao sita maisha yake yote. Mwaka 2020 wakawapiga marufuku madalali: mtoto wa chini ya miezi sita unamnunua kwa aliyemzalisha, ukimwona na mama yake. Hilo la mwisho ndilo nalitaka hapa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, itungiwe kanuni ya namna hiyo.

—

Pole mkuu. Ila atakayebanwa ni kijana wa Mbagala mwenye jike mmoja. Mwenye majike kumi atalipa na kuendelea. Afisa mifugo wa kata yangu ana pikipiki moja, ng'ombe wake, kuku wake, leo umwongezee kuhesabu mimba za mbwa? Bora nguvu hiyo iende kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mngechukua koko wa mtaani badala ya kukimbilia mbegu za kizungu, biashara hiyo ingejifia.

—

Kwa koko umenipata. Lakini kumwona mama hakuhitaji pikipiki ya afisa. Ningemwona yule kabla ya kutoa hela, nisingetoa.

—

Watakuonyesha jike mwingine aliyenona, waseme ndiye mama. Hapo utajuaje?