Hofu ya mtihani inaanzia mwilini au akilini?

Mwalimu wa Bahi

Habari za kazi ndugu zangu. Ninafundisha kidato cha nne katika shule ya sekondari ya kata wilayani Bahi, na ninaomba msaada wa waliosoma saikolojia au wanaofanya kazi katika afya ya akili, kwa kuwa kuna jambo limetugawa walimu ofisini na hakuna aliyeweza kumshawishi mwenzake.

Siku ya mtihani wa utamilifu wa Hisabati nilisimamia chumba chenye wanafunzi wawili ninaowafahamu vizuri. Wa kwanza ni binti anayeongoza darasa katika somo hilo. Karatasi zilikuwa hazijagawiwa, lakini viganja vyake vilikwisha kulowa jasho kiasi cha kuacha alama kwenye karatasi za kujibia, kalamu ikimtetemeka mkononi na pumzi zikienda mbio. Nilipomwinamia kumuuliza kulikoni, alininong'oneza kwamba anaogopa na kwamba kila alichosoma kimepotea. Nyuma yake alikaa kijana ambaye naye goti lilikuwa likimchezacheza chini ya meza na jasho limemjaa usoni, lakini yeye alisema ana hamu ya kuanza. Binti alipata alama za chini kuliko zote alizowahi kupata kwangu, ilhali kijana alifanya vizuri kupita kawaida yake.

Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba hofu huanza katika mawazo, kisha mwili hufuata. Mwingine anasema mwili ndio hutangulia na akili huja baadaye kutafuta sababu. Je, hisia huzaliwaje hasa? Na kama miili ya watoto hawa ilikuwa katika hali moja, kwa nini kwa mmoja ikawa hofu na kwa mwingine hamu? Binti huyu nimemwambia "tulia" mara nyingi mno, na sijaona limemsaidia.

Mkazi wa Nkuhungu

Mwalimu, pole na majukumu. Nilisoma saikolojia hapa Dodoma na ninashukuru umeleta swali hili likiwa na watoto halisi ndani yake, maana vitabuni mara nyingi hujadiliwa kana kwamba hisia hazina mwenyewe. Mabishano ya ofisini kwenu yana historia ndefu. Mwaka 1884 Mmarekani William James aliandika kwamba watu wa kawaida wanapanga mambo kinyume: hatutetemeki kwa sababu tunaogopa, bali tunaogopa kwa sababu tumehisi mwili wetu ukitetemeka. Mwaka uliofuata Carl Lange wa Denmark alitoa hoja inayofanana nayo, akiwa amefikia huko kwa njia yake mwenyewe. Kwa hiyo mwalimu wako wa pili anasimama upande wa James na Lange.

Pingamizi zito lilitoka kwa Walter Cannon mwaka 1927. Alisema kwamba moyo kwenda mbio, jasho na tumbo kuvurugika hutokea katika hofu, hutokea katika hasira, na baadhi yake hutokea hata mtu akiwa na homa au akipigwa na baridi. Ikiwa ishara ni zile zile, mtu atajuaje kwa kutumia ishara hizo peke yake kwamba hii ni hofu na ile ni hasira? Aliongeza kwamba viungo vya ndani hubadilika polepole, ilhali hisia inaweza kumjia mtu kwa kasi kubwa zaidi. Hoja ya kwanza ndiyo inayogusa darasa lako moja kwa moja, kwa sababu wewe mwenyewe umeshuhudia jasho lile lile kwa watoto wawili likiwa na maana mbili.

Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer walijaribu kuunganisha pande hizo. Waliwadunga vijana wa chuo sindano ya adrenalini, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa hatari, huku wakiwaambia kwamba ni vitamini inayopimwa kwa ajili ya uwezo wa kuona. Baadhi walielezwa ukweli kwamba moyo utadunda na mikono itatetemeka, wengine hawakuelezwa. Kisha kila mmoja aliwekwa chumbani na mtu aliyepangwa na watafiti, ambaye ama alicheza na kurusha ndege za karatasi, ama alikasirikia dodoso walilopewa kujaza. Wale ambao hawakujua chanzo cha mdundo wa moyo wao walielekea kuambukizwa hali ya mwenzao zaidi kuliko wale waliokwisha kuambiwa. Ninapaswa kusema wazi kwamba watafiti waliojaribu kurudia jaribio hili baadaye hawakuyapata matokeo yote kama yalivyodaiwa, kwa hiyo siwezi kulichukua kama neno la mwisho. Hata hivyo wazo lake limedumu, kwamba mwili hutoa nguvu ya hisia, na tafsiri tunayoipa hali tuliyomo ndiyo huipa hisia sura yake.

Tafsiri hiyo si lazima iwe fikra ndefu ya makusudi. Magda Arnold na baada yake Richard Lazarus walieleza kwamba akili hukadiria kila tukio kwa haraka sana: je, jambo hili linagusa kitu ninachokijali, na je, nina uwezo wa kulikabili? Nina hakika kidogo tu kuhusu kilichomo kichwani mwa watoto wako, lakini mtoto anayeongoza darasa ana cha kupoteza ambacho yule kijana hana. Kila mtu shuleni anamtazamia. Karatasi ile ile kwake ni tishio, na kwa mwenzake ni nafasi ya kujionesha.

Muuguzi Chamwino

Nakubaliana na aliyetangulia, ila ninaomba tusiruke mwili upesi hivyo, kwa sababu sisi tunaokaa na wagonjwa huona mwili ukianzisha mambo yenyewe.

Ubongo unapoona hatari, mishipa ya fahamu hupeleka amri hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza kasi, damu huelekezwa kwenye misuli, mmeng'enyo wa chakula hupungua, viganja hutoa jasho. Hayo yote ni maandalizi ya kupigana au kukimbia, na mtoto aliyefungwa kwenye dawati kwa saa tatu hana pa kuyatumia. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo hushiriki sana katika kutambua tishio. Joseph LeDoux alionesha kwa kutumia panya kwamba habari za tishio zinaweza kuifikia amigdala kwa njia ya mkato, kabla hazijachambuliwa kikamilifu katika tabaka la juu la ubongo. Ndiyo maana mtu hushtuka na kuruka nyuma akiona kamba njiani, halafu ndipo anatambua kwamba si nyoka.

Lakini hata amigdala si kiwanda pekee cha hofu. Yupo mwanamke wa Marekani anayejulikana katika maandiko ya kitabibu kwa herufi S.M., ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake za pande zote mbili. Haogopi nyoka wala buibui. Hata hivyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, alipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kabonidioksidi alipatwa na hofu kali sana. Hapo hofu ilichochewa na hali ya ndani ya mwili, bila mnyama wala mtihani mbele yake.

Kwa hiyo Mwalimu, kabla hujamshughulikia binti huyu kisaikolojia, tafadhali muulize amekula nini asubuhi na amelala saa ngapi. Sukari ya damu ikishuka mtu hutokwa na jasho, hutetemeka, moyo humdunda na akili hushindwa kutulia mahali pamoja. Watoto wetu wengi huku hutoka nyumbani alfajiri na kutembea mwendo mrefu bila hata kikombe cha uji, hasa miezi ambayo ghala limebaki tupu. Mtoto wa namna hiyo akikaa mbele ya karatasi ya Hisabati huku mwili umekwisha kutetemeka kwa njaa, ni rahisi mno kwake kuamini kwamba anatetemeshwa na mtihani. Na ikiwa mapigo ya moyo na kutetemeka humpata hata siku zisizo na mtihani, au anapungua uzito, apelekwe kituo cha afya achunguzwe, ikiwemo tezi ya shingoni, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizo hizo.

Mzee wa Mkalama

Ninawasoma kwa makini, vijana wangu, na ninajifunza. Kuna jambo moja linanisumbua. Mkisema kwamba hisia ni tafsiri, mtu anaweza kuelewa kwamba ni kitu cha kubuni. Nimezika watu wengi hapa Singida. Uchungu wa mama aliyefiwa haumsubiri akadirie jambo lolote, na mgeni wa kabila lolote akiingia pale msibani anaona mara moja kilichotokea. Mimi nafikiri Mwenyezi Mungu alituumba na hisia zetu zikiwa tayari.

Mkazi wa Nkuhungu

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ina watetezi wakubwa. Charles Darwin aliandika mwaka 1872 kwamba namna tunavyoonesha hisia ina asili moja na ya wanyama. Karne moja baadaye Paul Ekman alikwenda kwa Wafore wa Papua New Guinea akiwa na picha za nyuso, akawasimulia visa vifupi na kuwaomba wachague uso unaolingana na kila kisa. Walichagua kwa kulingana sana na Wamarekani, naye akahitimisha kwamba hisia kadhaa za msingi, zikiwemo furaha, huzuni, hasira na hofu, zina sura moja duniani kote.

Jibu jipya limetoka karibu na kwako, mzee. Maria Gendron na wenzake, akiwemo Lisa Feldman Barrett, walifanya utafiti kama huo miongoni mwa Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wakauchapisha mwaka 2020. Wahadza kwa sehemu kubwa hawakuziunganisha nyuso na hisia kwa namna ambayo nadharia ya Ekman ingetabiri. Barrett anaeleza kwamba ubongo wakati wote unabashiri maana ya hali ya mwili kwa kutumia yale mtu aliyoyapitia na mafundisho ya jamii iliyomlea, na kwamba hofu au hasira hujengwa papo hapo kutokana na ubashiri huo. Wataalamu bado hawajakubaliana, na mimi mwenyewe sidhani kwamba upande wa Ekman umekwisha.

Juu ya mama aliyefiwa uko sahihi kabisa, uchungu wake ni wa kweli. Kinachojengwa na ubongo si cha uongo. Hata maumivu ya jeraha hukamilika katika ubongo, na hakuna anayemwambia aliyevunjika mguu kwamba anajisingizia.

Mzee wa Mkalama

Marahaba. Kwa maelezo hayo nimeridhika kwa nusu, na hiyo nusu nyingine nitaendelea kuifikiria. Wahadza ninaishi nao jirani, na sikujua kwamba wameulizwa mambo haya.

Mwalimu wa Bahi

Nawashukuru wote, na wewe Muuguzi kwa namna ya pekee. Nimezungumza na binti leo. Amekiri kwamba siku za mitihani hali kitu kabisa, kwa sababu huogopa kwamba tumbo litamvuruga, na usiku huo hukesha akisoma. Tumekubaliana kwamba atakunywa uji shuleni na kulala mapema. Lakini mwili wake ukichemka tena siku hiyo, nimwambie nini badala ya "tulia"?

Mkazi wa Nkuhungu

Kumtaka atulie ni kumwomba aushushe mwili uliokwisha kujaa adrenalini, na hilo ni gumu sana katika dakika chache. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliokaribia kuimba mbele ya wengine, kuhutubia au kufanya hesabu walijitamkia, au walitakiwa wawe na, msisimko. Walifanya vizuri kuliko wale waliotakiwa kutulia au waliojitamkia kwamba wana wasiwasi, ingawa mioyo yao iliendelea kwenda mbio vilevile. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake nao waliwaambia wanafunzi kwamba moyo kudunda kabla ya mtihani unaweza kusaidia, na wanafunzi hao walipata alama za juu zaidi katika hesabu kuliko wenzao ambao hawakuambiwa.

Kwa hiyo mweleze mapema, siku isiyo na mtihani, yale aliyoyaandika Muuguzi kuhusu adrenalini, ili ajue kwamba jasho la viganjani ni mwili unaojiandaa. Kisha maneno ayatamke yeye mwenyewe, na ayazoee kwanza kwenye majaribio madogo ya kila wiki, muda mrefu kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Ningeshauri pia usimwulize tena chumbani kama anaogopa. Swali hilo likitoka kwa msimamizi linampa jina la kuuita mdundo wa moyo wake, na ndilo jina tunalotaka aliache.

Muuguzi Chamwino

Uji autumie saa moja au zaidi kabla ya mtihani, tena uji mzito wa mtama au wa dona wenye karanga, kuliko chai yenye sukari tupu. Sukari tupu hupanda haraka na kushuka haraka, na mtihani wa Hisabati ni mrefu.