Naomba ushauri: kuona konekta zote zinazoruhusu relei kwenye Exchange

Wakuu, habari zenu. Nahitaji kukagua konekta za kupokea barua (mipangilio ya nani anaruhusiwa kuleta barua) kwenye seva ya barua pepe ya Microsoft, Exchange 2019, kwa amri za Exchange Management Shell tu. Naanza na:

Get-ReceiveConnector | fl Identity,Bindings,RemoteIPRanges,PermissionGroups,AuthMechanism

RemoteIPRanges (anwani za IP zinazokubaliwa) ikiwa ndefu hukatwa na kuishia kwa nukta tatu; hilo hutatuliwa kwa kuandika kwanza $FormatEnumerationLimit = -1.

Kinachonisumbua ni relei, yaani kupitisha barua kwenda vikoa visivyo vyetu. PermissionGroups ikionyesha AnonymousUsers, maana yake mtumaji asiyejitambulisha anaweza kuleta barua zinazoelekezwa kwa vikoa vyetu. Haisemi kama anaruhusiwa kupitisha barua kwenda nje. Haki hiyo imehifadhiwa Active Directory (saraka ya Windows ya watumiaji na haki zao), kwa hiyo naichuja hivi:

Get-ReceiveConnector | Get-ADPermission -User "NT AUTHORITY\ANONYMOUS LOGON" | where {$_.ExtendedRights -like "*Any-Recipient*"} | ft Identity

Lakini konekta yenye ExternalAuthoritative kwenye AuthMechanism (yaani seva inawaamini watumaji bila kuwathibitisha yenyewe) pamoja na ExchangeServers kwenye PermissionGroups nayo hupitisha barua nje bila nenosiri, na amri hii haiioni kabisa. Mnazichujaje zote mbili kwa pamoja, tena kwa seva zaidi ya moja? Konekta moja tu ikisahaulika, watuma barua taka wataitumia na anwani yetu itaingia kwenye orodha za kuzuiwa.