Wakuu, ninunue gemu sasa hivi au nisubiri ofa za Desemba?

Kijana wa Mbagala: Wakuu habari za jioni, naomba ushauri kabla sijatupa hela. Nimejichanga nikapata laptopu yenye kadi ya grafiki ya maana, sasa nataka Red Dead Redemption 2 na EA FC (ile gemu ya mpira) ya mwaka huu, naingia Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, nakuta Red Dead bei kamili ni dola 59.99, kwa hela yetu hiyo ni kama laki na nusu, nikachoka kabisa. Kuna jamaa Telegram anasema ananipa akaunti yenye gemu zote mbili kwa elfu ishirini. Wengine wananiambia nisubiri ofa za krismasi. Hizo ofa ni za kweli au ndo zile za madukani, bei inapandishwa Jumatatu halafu Ijumaa wanabandika "punguzo 50%"? Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa ninayo.

Fundi Padi: Subiri mkuu. Red Dead imeingia kwenye kompyuta tangu 2019, imeshakatwa asilimia 75 mara nyingi tu na hapo inakuwa dola 14.99, laki na nusu ya nini sasa? Steam wana ofa kubwa kuanzia nusu ya pili ya Desemba mpaka mwanzoni mwa Januari, nyingine mwishoni mwa Juni. Na hilo la kupandisha bei kwanza pale halipiti kirahisi, ukipandisha bei ya gemu yako huruhusiwi kuweka punguzo mpaka zipite siku 30. Ila usibabaike na ile asilimia ya kijani, fungua SteamDB, tovuti inayoweka historia ya bei za Steam, uone hiyo gemu iliwahi kushuka mpaka bei gani, hiyo ndo bei yako.

Otis254: Huyo wa Telegram achana naye buda. Hiyo akaunti ameuzia watu kibao, mnacheza ofulaini kwa zamu, siku mwenyewe akibadilisha paswadi umebaki hivyo na hakuna pa kulalamika. FC nayo hutoka Septemba, ikifika Novemba inaanza kukatwa hadi nusu, ikikaribia ingine inauzwa bei ya kutupa juu hakuna mtu anaitaka. Kama unacheza tu na maboi kwa nyumba hata ya mwaka jana inatosha, ni jezi na usajili tu zinabadilika lol

Mzee wa Pasi Ndefu: Otis usitudanganye, gemupley inabadilika 😂

Bi Nunu: Mdogo wangu, tangu 2015 Steam waliacha zile ofa za kubadilika kila baada ya masaa, kwa hiyo bei ya siku ya kwanza kwa kawaida ndo hiyo hiyo ya siku ya mwisho, usikimbilie. Na ukinunua leo halafu kesho kutwa ishuke, kama hujacheza masaa 2 na hazijapita siku 14 unaomba urudishiwe hela unanunua upya kwa bei ya ofa, wenyewe wameandika kabisa kwamba hawaoni shida.

Mtu wa Vifurushi: Mnaongelea bei mmesahau bando!! Red Dead inataka nafasi ya GB 150, piga hesabu ya vifurushi uone kama haijapita hiyo dola 15. Tafuta mshkaji mwenye gemu hiyo hiyo Steam, muwe marafiki humo ndani, unganisheni kompyuta zenu kwenye Wai-Fai moja, tangu 2023 Steam inaweza kuvuta mafaili toka kompyuta ya jirani bila kula bando, mnawasha tu kwenye setingi. Gemu lazima uwe umeinunua lakini.

Fundi Padi: Hapo umemaliza. Niongeze tu kwamba sio kila gemu inashuka. Factorio haijawahi kuwekwa kwenye ofa, 2023 walipandisha toka dola 30 hadi 35, ukiisubiri utazeeka. Za Nintendo wenyewe nazo wanazibania sana.

Kijana wa Mbagala: Aisee asanteni, Bi Nunu shikamoo. Telegram nimeshamblok. Red Dead nasubiri Desemba, binamu yangu wa Kigamboni anayo tayari kwa hiyo naenda kuivutia kwake. FC ya mwaka jana kuna mtu anajua bado inauzwa au walishaitoa?

Otis254: Zile za zamani huwa wanazitoa kwa store, angalia mapema.