Gari ya zamani: nifunge redio ya Android ya kioo kikubwa au Pioneer ndogo?

Kijana wa Mbagala
Habari za jioni wakuu. Jumamosi nataka kubadilisha redio ya gari, iliyopo ni ile ya Kijapani iliyokuja na gari, FM yake inaishia 90. Kariakoo nimekuta mbili, Android ya kioo kikubwa laki mbili na themanini, na Pioneer ndogo yenye Bluetooth na USB laki mbili na kumi. Fundi wa mtaani anasema soketi ya gari anaikata anaunga waya moja kwa moja, elfu 20 kazi imeisha. Nichukue ipi?

Fundi Mita
Gari gani mkuu? Ya mwaka gani? Kuna amplifaya au spika tupu? Bila hivyo tutakuwa tunabahatisha tu.

Mama Naa
Na unasikiliza nini? Maana kama hutaki ramani wala kamera ya nyuma, hicho kioo cha nini kaka yangu.

Kijana wa Mbagala
Samahani, nilisahau. Corolla 110 ya 1998, amplifaya hakuna. Nasikiliza EFM 93.7 na nyimbo za kwenye flashi. Spika za nyuma hazijawahi kulia tangu nimeinunua.

Bonde la Msimbazi
Kumbe shida ni redio kuishia 90 tu? Nunua ekspanda, kidude cha kushusha masafa ya FM, inachomekwa kwenye waya wa antena, hela ndogo sana. Ya kwangu inashusha 12 kwa hiyo hiyo 93.7 naikuta 81.7, nimeshazoea, mwaka wa tatu huu.

Mama Naa
Ekspanda niliwahi kuifunga, ukitoka mjini kidogo inaanza kukwaruza mpaka unaizima. Na flashi je, ataichomeka wapi?

Fundi Mita
Kwa 110 tundu la dashibodi ni lile pana la Toyota, milimita 200 kwa 100. Android zinauzwa za 178 na za 200, ukibeba ya 178 unabaki na pengo pembeni, pima na rula kabla hujatoa hela. Pioneer ndogo itakaa ila utahitaji cha kuzibia pembeni na kimfuko chini yake. Lakini kubwa kuliko yote, SOKETI ISIKATWE. Toyota za miaka hiyo zina soketi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na adapta yake Gerezani ipo, bei ni ndogo kuliko hiyo elfu 20 ya fundi. Unaunga waya za redio na za adapta ukiwa umekaa mezani nyumbani kwako, unachomelea kwa risasi, kwenye gari unaenda kuchomeka tu.

Mkazi wa Kibaha
Hapo kwenye soketi naomba mnisikilize maana yamenikuta. Nilikuwa na Carina, fundi akakata soketi zote mbili akaanza kuunga rangi kwa rangi, njano kwa njano, nyeusi kwa nyeusi. Kwenye redio mpya njano ni betri na nyeusi ni ethi, yaani hasi ya kwenye bodi, ila kwenye Toyota njano na nyeusi ni za spika ya nyuma kushoto! Betri ya Toyota ni bluu yenye mstari wa njano na ethi ni kahawia. Basi redio ikagoma kuwaka, fundi badala ya kurudi nyuma akavuta waya mwingine kutoka kwenye betri akaugandisha kwenye ile njano ya redio, nyeusi akaifunga kwenye bodi, vile viungo vya mwanzo hakuvifungua. Redio ikawaka, nikalipa nikaondoka. Maana yake ile spika ilikuwa inakula volti 12 za betri mfululizo. Nafika Maili Moja mwanangu nyuma ananiambia baba kunanuka plastiki, nageuka naona moshi mwembamba unatoka kwenye vitundu vya kibao cha nyuma, karatasi ya spika imeganda haitikisiki. Nikazima gari nikachomoa funguo, moshi bado unatoka, kwa sababu ule waya ulikuwa haupiti kwenye swichi. Watoto nikawashusha, nikafungua boneti, mikono inatetemeka, spana namba 10, nikatoa temina ya hasi ndipo ukakata. Na fyuzi haikuungua hata kidogo, spika ya omu 4 inavuta kama ampea 3 tu na fyuzi ilikuwa ya 15. Tangu siku hiyo mtu hakati soketi kwenye gari yangu.

Mama Naa
Poleni sana jamani. Kheri watoto walikuwa macho.

Mwana wa Tudor
Pole ndugu yangu. Hapa Mombasa mafundi wengi huunga kwa rangi hivyo hivyo. Mimi spika zote hupima na kibetri cha volti moja na nusu, wagusisha kidogo tu spika yalia kra, na karatasi ikisogea mbele basi upande ulioshika chanya ndio chanya. Hiyo Android naye aiwache, yangu iliua betri, gari ilikaa siku tano haikuwaka.

Bonde la Msimbazi
Unganisha waya za redio, njano na nyekundu, zote kwenye ACC, ule waya unaopata umeme ukiwasha funguo tu, betri haiguswi tena.

Fundi Mita
Hapana mkuu. Njano ndiyo inayotunza kumbukumbu, ukiipeleka ACC kila ukizima stesheni zinafutika na Android inaanza kuwaka upya kila safari. Ingia kwenye mipangilio uiambie izime kabisa gari ikizimwa. Na Mwana wa Tudor, betri yako ilikuwa na umri gani?

Mwana wa Tudor
Miaka minne hivi.

Fundi Mita
Basi ya miaka minne, lawama usiitupie redio yote.

Mwana wa Tudor
Kabla ya redio ilikuwa yawaka kila asubuhi, sasa niilaumu nini?

Bonde la Msimbazi
Hapo sasa. Hivi betri za maji na hizi kavu zipi zinadumu kwa joto la Dar?

Mkazi wa Kibaha
Za maji, kama unakumbuka kuongeza maji. Mimi ya sasa ina mwaka wa tatu.

Kijana wa Mbagala
Nimechomoa redio sasa hivi niangalie. Soketi ya pini 10 ipo nzima. Ya pini 6 haipo! Kuna waya nne, nyekundu imesokotwa na nyeupe, nyeusi na njano, zimezungushiwa selotepu ile ya kufungia maboksi, gundi imeyeyuka inanata vidoleni.

Fundi Mita
Hizo ndizo spika zako za nyuma. Zitenganishe, kila ncha izibe peke yake, na usije ukaipeleka hasi ya spika kwenye bodi, unaua ampu ya ndani ya redio. Weka picha.

Mama Naa
Kwa hiyo ni ipi sasa, Android au Pioneer?

Kijana wa Mbagala
Dada bado. Kesho napita Gerezani kuulizia hiyo soketi ya pini 6 kwanza. Picha inakuja, simu imezima chaji.