Breka ipi ni ya soketi ipi?

Mpangaji: Wakuu habari, nimehamia nyumba ina breka 12 hakuna hata moja iliyoandikwa, soketi ya jikoni imekufa na kila nikizima breka watoto wanapiga kelele tivii imezimika 😂 eti kuna kifaa kinalia kikifika kwenye breka yenyewe, kweli?

Fundi wa mtaa: Kweli mkuu. Kipande kimoja unachomeka kwenye soketi kitume ishara, kingine cha kuipokea unapitisha kwenye breka mojamoja. Pitisha mara mbili, raundi ya kwanza kinalia hata kwenye breka za jirani. Usiuziwe cha Marekani cha volti 120, huku 230 kitaungua.

Mpangaji: sasa soketi si imekufa, kitatumaje?

Dada Umeme: Hapo ndo wengi wanakwama, vile vya bei rahisi vinataka soketi yenye moto. Kwa waya uliokatika tafuta kile cha klipu mbili, zima umeme kabisa, bana klipu moja kwenye waya, nyingine kwenye ethi (waya wa ardhini), ufuate mlio ukutani mpaka unapopotea. Ila kabla hujabomoa ukuta fungua soketi iliyotangulia kwenye laini hiyo, kwangu ilikuwa skrubu ya nyutro (waya wa kurudisha umeme) imelegea tu, plastiki ishaanza kuwa nyeusi.